Skrubu Nne za Mlango wa Mwaitu

Mimi huuza hadiwea, kwa hivyo siamini watu haraka. Mteja akija kununua kufuli mpya, namtazama usoni kwanza. Ile ya zamani imefanya nini? Ufunguo umepotea kweli, ama kuna mtu nyumbani ambaye hatakiwi kuingia tena? Akitaka kamba ndefu, namuuliza ni ya kufunga nini. Wengine hukasirika, husema mama huyu ana maswali kuliko polisi. Wacha wakasirike. Nimesimama nyuma ya kaunta pale Donholm miaka ya kutosha kujua kwamba hakuna mtu hununua bisibisi kwa raha zake. Kuna kitu nyumbani kimemkatalia.

Kwa hivyo Jumapili ile, nilipotoka kanisani nikapitia kwa Mwaitu, nikaingia chumbani mwake kumchukulia leso, jicho langu halikutua kwenye leso. Lilitua kwenye komeo la mlango.

Mwaitu ni mama yangu. Sisi Wakamba ndivyo tunavyoita mama, na hata nikiandika siwezi kumwita vingine. Anaishi katika zile nyumba za kaunti za Eastlands zilizopangwa kwa laini, ukuta wa mmoja ndio ukuta wa mwenzake: sebule, chumba kimoja, na jiko ambalo wawili wakiingia lazima mmoja atoke ndipo mwingine ageuke. Nyumba yenyewe si kitu. Mlango wa chumbani ndio kitu. Baba alikuwa mchongaji. Alichonga twiga wa watalii katika kibanda huko Pumwani mpaka akawachukia twiga wote, hata walio hai. Mlango huu aliuchonga kwa ajili ya mkewe, kwa mabaki ya mbao aliyoyabeba begani kidogo kidogo akirudi nyumbani kwa miguu. Hauna twiga hata mmoja. Upande wa sebuleni una kuku na vifaranga, mbuzi anayetafuna kamba yake mwenyewe, na mwanamke aliyepanga foleni bombani na ndoo zake. Mwanamke huyo ana makalio ya Mwaitu, kila mtu anajua, na mgeni akiyaangalia sana Mwaitu humuuliza kama amemaliza kusoma. Upande wa chumbani baba aliuacha mtupu, akaupiga msasa tu mpaka ukawa laini.

Komeo liko upande huo wa chumbani. Nililifunga mimi mwenyewe wiki tuliyomzika baba, kwa sababu Mwaitu sasa alikuwa analala peke yake na mimi sikuwa na namna nyingine ya kulia. Ni komeo refu la chuma, la kusukuma. Nililishikiza kwa skrubu nne ndefu za nyota, nikazikaza mpaka mkono ukaniuma hadi begani.

Sasa skrubu zote nne zilikuwa zimelika vichwa. Ile nyota inayoshikwa na bisibisi haikuwepo tena. Palibaki kishimo cha duara kinachong'aa. Bamba la komeo lilikuwa limelegea kidogo upande wa juu, na ubao wa baba ulikuwa na mikwaruzo, yote ikipanda juu, kana kwamba mtu alifanya kazi hiyo akiwa ameketi kitandani.

Nilisahau leso. Nikatoka, nikarudi sebuleni.

"Mwaitu, komeo lako limefanywa nini?"

"Komeo gani?"

"La mlango wa chumbani."

"Labda ni panya," akasema, akapuliza chai yake.

"Panya! Panya wa wapi huyo anayeshika bisibisi?"

Anti alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jikoni akimenya viazi. Hakucheka. Mtu asiye na hatia angecheka, maana panya mwenye bisibisi anachekesha. Yeye aliinamia kiazi kilekile akakimenya mpaka kikabaki kama gololi.

Anti ndivyo Nairobi tunavyomwita mfanyakazi wa nyumbani, hata akiwa mtu mzima. Huyu wetu ni mtu mzima, mrefu, ametoka magharibi, na babake alifanya kazi reli. Alikuwa amekaa na Mwaitu tangu Mwaitu alipoanguka bafuni. Humwita Mwaitu "kukhu", yaani bibi kwa Kiluhya chao, na Mwaitu humjibu kwa Kikamba, na sijui huwa wanaelewana vipi lakini huwa wanaelewana. Hilo lenyewe lilinitia wasiwasi. Watu wawili wasio na lugha moja wakipatana hivyo, kuna kitu wanachoficha.

Sasa mjue mkataba wetu. Mwaitu alipoanguka nilitaka ahamie kwangu Donholm siku hiyo hiyo. Alikataa, akalia, akaniambia afadhali nimpeleke makaburini moja kwa moja nisimchoshe kwa safari mbili. Tukakubaliana hivi: atabaki nyumbani kwake maadamu kuna mtu wa kuaminika ndani ya nyumba. Mtu huyo asipokuwepo, Mwaitu anahama, na hakuna mjadala. Kwa hivyo nikimpata Anti na kosa, Anti anaenda, na Anti akienda Mwaitu naye anatoka katika nyumba ile. Sote watatu tulilijua hilo.

Nikakaa pale nikapiga hesabu zangu. Mwizi wa nje hawezi kufikia skrubu za ndani. Wanaoingia chumbani ni wawili tu, Mwaitu na Anti, na Mwaitu hana sababu ya kulegeza komeo linalomlinda. Wahenga walishasema, kikulacho ki nguoni mwako. Nikaenda jikoni, nikajifanya natafuta kijiko. Kisu cha mkate kilikuwa na ncha iliyopinda.

"Anti, kisu hiki kimepinda na nini?"

"Nilikuwa nakata nyama, dada. Ilikuwa imeganda."

"Imeganda kwenye friji gani?"

Mwaitu hana friji. Hajawahi kuwa nayo. Anti aliangalia kisu, akaangalia dari, akasema "Woi!" akatoka nje kuanua nguo ambazo hata hazikuwa zimekauka. Uongo mchanga namna hiyo sijawahi kuuona. Sikumfuata, kwa sababu mimi napenda kumkamata mtu akiwa amejaa mkononi. Siku za mwizi ni arobaini. Na huyu, nikajiambia, zake zimekaribia.

Nyumbani nilishindwa kula. Anataka nini chumbani kwa mama yangu? Sanduku la Mwaitu lina leso, vyombo vya chama cha akina mama, na patasi za baba. Nani aibe patasi kuukuu? Halafu nikakumbuka. Kulikuwa na mwanamume mmoja anayenunua vinyago vya zamani, aliyewahi kupita nyumba kwa nyumba, akasimama sebuleni kwa Mwaitu akiupapasa ule mlango, akasema mlango kama huu una soko lake. Mwaitu alimfukuza. Lakini Anti alikuwepo. Ngai! Mpango si sanduku, mpango ni mlango. Wanaanza na komeo, kesho bawaba, keshokutwa Mwaitu amepelekwa kanisani na mlango umepanda mkokoteni. Ni kweli bawaba nilikuwa nimezikagua, na hazikuwa na hata mkwaruzo mmoja. Lakini ukishamshuku mtu, hata kisichoguswa kinakuwa ushahidi. Nilisema tu kwamba hajafika huko.

Wiki hiyo nilimpigia Anti simu kila siku. Nilikuwa nauliza kwanza pressure ya Mwaitu, halafu dawa, halafu, kana kwamba nimekumbuka ghafla, komeo. "Liko, dada," alikuwa akijibu. Liko. Ni jibu gani hilo? Alhamisi alipopokea, nilisikia nyuma ya sauti yake kitu kikikwaruza chuma, krr, krr.

"Nini hiyo?"

"Ni... nasugua sufuria."

"Unasugua sufuria ukiwa na simu mkononi?"

"Nimeishika kwa bega, dada."

"Nipe Mwaitu."

Mkwaruzo ukakoma, Mwaitu akaja kwenye simu akihema kidogo. Aha, nikasema moyoni, ameacha kukwaruza ili aende kumpa mama simu. Nilijiona nina akili sana.

Ijumaa asubuhi sikuuliza mtu. Nilichukua begi la vifaa dukani, nikachukua pikapu ya kazi na dereva wake, nikamwambia aweke turubai na kamba. Niliamua kwamba nitaingia bila hodi, nitang'oa komeo, nitamwonyesha Anti skrubu moja moja, nitamwambia afunge virago, na Mwaitu atalala Donholm usiku wa siku hiyo. Chumba nilikuwa nimeshamtandikia. Kina dirisha zuri linaloangalia barabara ya Outer Ring, na sikuwa nimetaka kujiuliza kama Mwaitu anapenda kuangalia barabara.

Pikapu haiwezi kuingia kwenye laini, inasimama pale mwisho kwenye tangi la maji. Nikashuka. Anti alikuwa anaanika nguo. Aliniona mimi, akaona begi, akaiona pikapu na turubai lake. Shuka likamponyoka likaanguka matopeni, naye akaingia ndani mbio.

Nikakimbia nyuma yake. Nilikuwa sijakimbia miaka mingi. Kabla sijafika kizingitini nilisikia mlango wa chumbani ukipigwa, kisha chuma: kwaa! Komeo limesukumwa. Nilipoingia, Anti alikuwa amesimama sebuleni mbele ya mlango wa baba, ametandaza mikono, amewafunika kuku, mbuzi na yule mwanamke wa ndoo.

"Kukhu amelala," akasema.

"Nimesikia komeo, Anti. Usinibebe ujinga."

"Nimelala!" Mwaitu akapaza sauti kutoka ndani.

Jamani. Nilikuwa na hasira, lakini hapo karibu nicheke. Nikamwambia afungue. Nikamwambia tena, kwa upole, kwamba ni mimi. "Najua ni wewe," akajibu. Baada ya muda akasema haya, ninafungua, na tukasikia akivuta chuma. Akavuta tena. Tukasikia akisukuma, akisema maneno ya Kikamba ambayo hajawahi kunifundisha.

"Limekataa," akasema.

Sikumwamini. Nilidhani ananizungusha. Nikaweka sikio kwenye mlango, nikamsikia anavyohema, pumzi fupi fupi, ndipo nikaelewa. Bamba lililegezwa, na alipolisukuma komeo kwa nguvu lile bamba liliinama, komeo likaingia upande kwenye tundu la fremu na kubana. Huwezi kulirudisha mpaka bamba lote litoke kwenye mlango. Na bamba limeshikwa na skrubu zilizolika, na skrubu ziko kwake. Nikageuka, nikaziona dawa zake za pressure juu ya meza ya sebuleni.

Watu wa laini huwa hawahitaji kualikwa mara mbili. Jirani wa mlango wa pili, fundi wa mawe, alikuwa ameshafika na nyundo yake kubwa.

"Mama, kaa kando. Teke moja na nyundo mbili, tumemaliza."

"Msivunje!" Mwaitu alipiga ukelele ambao sikujua bado anao. "Atakayeugusa mlango huo namlaani, yeye na nyundo yake! Nitakaa humu humu. Msivunje!"

Fundi akarudi nyuma hatua moja, maana laana ya mama mkongwe si ya kuchezea. Akaniangalia, nami nikamwambia asubiri. Nikachukua begi na dawa na kikombe cha maji, nikazunguka nyuma ya nyumba, pale kwenye dirisha la chumbani. Dirisha lina vyuma, mkono unapita lakini mtu hapiti. Mwaitu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, amevaa sweta yake ya kijani. Alinitazama kama mtu aliyeona kanzu ya hakimu.

Nikampa dawa kwanza. Akameza. Anti naye alikuwa amenifuata, amesimama nyuma yangu, sikuwa na nafasi ya kumfukuza.

"Sasa, Mwaitu, utanisikiliza mimi polepole. Hii kazi utaifanya wewe."

"Sema."

Nikampitishia bisibisi nene na kipande cha tyubu ya baiskeli. Nikamwambia aweke mpira juu ya kichwa cha skrubu, aweke bisibisi juu ya mpira, akandamize kwa uzito wa mwili wote kabla hajazungusha, maana mpira unajaza kile kishimo na bisibisi inapata pa kushika.

"Hivyo hivyo na kitambaa?" akauliza.

"Kitambaa hakifai."

"Ndiyo. Kitambaa nilijaribu, kinateleza. Hata kile kipande cha kandambili nilijaribu."

Nilibaki nimeshika vyuma vya dirisha. Nyuma yangu Anti akavuta pumzi kama mtu aliyeona sufuria ikianguka.

"Ulijaribu lini, Mwaitu?"

Akaangalia bisibisi. Akaangalia mpira. Akaona ameshajimwaga na hawezi kujizoa.

"Ni mimi," akasema. "Anti hajagusa kitu. Alikuwa ananiambia niache kila siku, kwa mdomo huo wake mrefu. Mimi ndiye nilimwapiza asiseme."

"Na kisu?"

"Kisu ni changu. Ningekuomba bisibisi ungeniuliza ni ya nini."

Haki ya Mungu, ningeuliza. Na kwa sababu sikujua la kusema kwa upole nikasema kwa ukali. Nikamwambia mficha uchi hazai.

"Mimi nimeshazaa," akanijibu, "na niliyemzaa ndiye ninayemficha."

Anti alicheka. Baada ya wiki nzima ya kutocheka, alichagua dakika hiyo. Nikamwambia Mwaitu aanze na ya chini kulia, huku akinieleza, na asininyime hata neno moja.

Akakandamiza. Skrubu ya kwanza ililia, ikazunguka robo, akapumzika, akazungusha tena. Ndipo akanieleza, akiwa amenipa mgongo, na nadhani ndiyo sababu aliweza kusema. Nilimkumbuka yule rafiki yake wa mwisho wa laini, aliyekuwa akiuza mandazi? Nilimkumbuka. Alikufa usingizini amejifungia. Watu waligonga asubuhi, hakuitika, wanaume wakaleta nyundo na jembe. Mwaitu alikuwepo amesimama hapo nje. Mlango wa mwenzake ulipasuliwa vipande, na matanga yote watu walikaa wakiangalia fremu tupu iliyozibwa kwa shuka.

"Nikasema mimi, kufa nitakufa, hiyo si shida," akasema Mwaitu. "Lakini mlango wa baba yenu? Wauchanje kama kuni kwa sababu yangu? Siwezi kumkuta huko alikoenda nimwambie hivyo."

"Si ungelala tu bila kufunga?"

"Ninafunga kabla sijajua nimefunga. Kila usiku tangu tumzike baba yenu nimefunga mlango ndipo nikaomba. Najiambia leo sifungi. Asubuhi naamka, nakuta umefungwa. Mkono huu haunisikii. Basi nikasema niliondoe hilo komeo lenyewe, na wewe ulilikaza kama unafunga daraja."

Skrubu ya kwanza ikaanguka sakafuni. Anti akapiga makofi, akasema asante Yesu. Mimi sikupiga makofi, nilikuwa nimegeuza uso. Mtu anaweza kukaa na mama yake maisha yote akahesabu vidonge vyake, akapima pressure yake, na asijue anaogopa nini akizima taa.

"Ungeniambia," nikasema. "Ningekuja kulitoa dakika mbili."

"Ningekuambia nini? Kwamba naogopa kufia ndani peke yangu? Kesho yake ungekuja na gari."

Nikajifanya natafuta bisibisi nyingine begini.

"Na umekuja na gari," akasema. Sasa alikuwa amegeuka. "Ile pikapu hapo kwenye tangi ni ya kubeba nini?"

"Ni ya duka, Mwaitu."

"Nimekuuliza ni ya kubeba nini. Anti ameniambia ina turubai na kamba. Hapo ndipo nikafunga. Nilijua komeo limelegea, lakini nilifunga, kwa sababu nilikuwa sina kitu kingine cha kufunga."

Kwa hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilikuwa nimewashuku wao wiki nzima, na wao walikuwa wamenishuku mimi, na wao ndio walikuwa wamepata jibu sahihi. Niliona aibu, halafu nikaona hasira kwa sababu ya aibu. Nikamwambia atoe ya pili, tutaongea akitoka.

Ya pili haikukubali mpira. Nikampitishia ubapa wa msumeno wa chuma niliouzungushia kitambaa upande mmoja, nikamwonyesha jinsi ya kukata mfereji mdogo katikati ya kichwa cha skrubu, ili bisibisi bapa iingie. Alikata akiwa ameketi kitandani, mdomo ameuma, unga wa chuma ukimwangukia kwenye leso. Nikamwona baba kabisa katika ile namna ya kuinamisha kichwa na kupuliza unga pembeni. Ya pili ikatoka. Ya tatu ikatoka kwa njia hiyo hiyo, tena kwa haraka zaidi, na akaanza kunisahihisha, ananiambia bisibisi yangu ni pana mno.

Ikabaki ya nne, ile ya juu kushoto. Akasimama mbele yake, ameniziba kwa mgongo. Nilisikia krr, krr, halafu kimya kidogo, halafu krr tena.

"Hii imekataa kabisa," akasema.

"Kata mfereji."

"Nimekata. Imekataa." Akarudi akaketi, akasugua kiganja chake. "Mkono umechoka. Nitaishughulikia polepole. Wewe mwambie yule dereva aende, asikae juani bure."

Nikamtazama. Naye akanitazama. Mama yangu ana macho madogo, na akitaka huyafanya yawe madogo zaidi.

Nikazunguka, nikatembea mpaka kwenye tangi la maji, huku laini nzima ikinisindikiza kwa macho. Nitasema ukweli wa nilichofanya. Nilimwambia dereva aondoke, kwa sauti kubwa, watu wasikie. Kisha nikaingiza kichwa dirishani mwa pikapu, nikamwambia kwa sauti ndogo asubiri pale kituo cha mafuta, mpaka tuwasiliane. Nilikuwa nimemsikia Mwaitu, moyo ulikuwa umeniuma, lakini mtu aliyejifungia na komeo bovu na dawa ziko nje ni mtu ambaye bado anahitaji kuhamishwa. Ndivyo nilivyowaza. Na kusema kweli, mpaka leo sijui kama nilikuwa nimekosea.

Injini ikawaka. Pikapu ikarudi nyuma, ikapiga honi kidogo, ikaenda. Nilisimama nikaisikiliza ikipotea, na nina hakika kwamba kuna mwingine aliyekuwa akiisikiliza, maana sikuwa nimefika hata mlangoni niliposikia chuma kikianguka sakafuni ndani ya nyumba.

Mlango wa baba ukafunguka. Mwaitu akatoka, leso imejaa unga wa chuma, jasho kwenye kipaji. Anti akamkumbatia. Fundi wa mawe akaweka nyundo chini akasema shikamoo, sijui kwa nini. Mwaitu akafungua kiganja, akaniwekea skrubu zote nne mkononi, moja moja, kama mteja anayerudisha bidhaa mbovu.

Nikaziangalia. Hiyo ndiyo kazi yangu. Tatu zilikuwa na alama za vita: moja imeng'arika kwa kusagwa na mpira, mbili zimekatwa mfereji. Ya nne haikuwa na mfereji. Kichwa chake kilikuwa kimelika kwa kisu kama ilivyokuwa Jumapili, hakuna jino la msumeno lililokigusa, na kwenye nyuzi zake za chini kulikuwa na sabuni kavu ya kuogea. Mtu alikuwa ameilegeza siku nyingi, akaipaka sabuni, akairudisha kwenye tundu kwa vidole. Ilikuwa inatoka kwa kuvutwa tu.

"Hiyo ya nne ndiyo iliyonitesa," Mwaitu akasema.

"Nimeona, Mwaitu."

Simu yangu ikalia. Alikuwa dereva, anauliza arudi sasa. Sauti yake ilikuwa kubwa, sebule ni ndogo, na wote walimsikia. Anti akaganda na mkono wake bado uko begani kwa Mwaitu. Mwaitu alinitazama tu, akarudi nyuma polepole mpaka akasimama ndani ya mlango wake, na mkono wake ukaanza kupapasa ubao mtupu, ukitafuta komeo.

Nikamwambia dereva arudi dukani.